Fundi wa Stima Niliyempeleka kwa Mama

Kwa mama yangu, kule upande wa Lugulu, maji yalikuwa yakiuma. Sijui niandike vipi vinginevyo. Ukishika mfereji wa bafuni wakati shawa ya maji moto imewashwa, kitu kilikukamata kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko, kisha kikakuachilia. Nyumba nzima ilikuwa imezoea. Mama aliweka mwiko wa ugali kwenye dirisha la bafu, mfereji akiufungua kwa huo mwiko, na mgeni akiomba kuoga aliambiwa kwa upole, vile mtu anavyoonyeshwa taulo liliko: "Tumia mwiko, mwanangu. Maji yetu yanauma kidogo."

Kaka yangu mkubwa, ambaye hununua na kuuza mahindi pale Bungoma mjini, ndiye aliyeweka stima katika nyumba hiyo kwa mikono yake. Lazima nimtendee haki. Taa alizofunga hazijawahi kuzimika zenyewe, na ile shawa aliiweka kwa sababu mama alikuwa akilia maumivu ya viungo asubuhi za baridi, wakati sisi wengine tulikuwa tunamtumia pole kwa simu. Kuhusu kuuma alisema, "Si ni kidogo tu? Ni kama mchwa."

Halafu mama mdogo akaja kutembea, akasahau mwiko. Maji yalimrusha akakaa chini sakafuni, na mkono ukabaki na ganzi hadi jioni. Mama alinisimulia kwa simu huku akicheka. Kisha akaacha kucheka. "Lakini unajua," akasema, "hata mimi siku hizi huo mwiko nausahau."

Hapo ndipo nilipoogopa.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye ningemwamini aiingie hiyo nyumba na kuimaliza hiyo shida: fundi wangu wa stima wa hapa Kitale. Lakini ulimi wake niliujua pia. Nilijua akisimama mbele ya kazi ya kaka yangu atasema neno, na kaka yangu ni mtu wa kukaa na neno mwaka mzima. Ningempoteza mama kwa stima au ningempoteza kaka kwa maneno. Kwa hivyo nikaketi na daftari langu niandike yote ninayoyajua kuhusu huyo mtu, mazuri na mabaya, nione kama nitaamua vizuri. Mimi shule niliiacha mapema, na nikiandika huwa naruka huku na huku. Lakini nisingependa kumsingizia.

Nina saluni ndogo nyuma ya maduka ya mbolea na mbegu. Mafundi wa stima wa Kitale hukaa nje ya maduka ya vifaa vya ujenzi, testa, ile bisibisi ya kupimia stima, ikichungulia kwenye mfuko wa shati kama kalamu ya mwalimu. Ukisimama tu mbele yao na uso wa mtu aliyelala gizani, wanainuka wote. "Mathe, ni shida ya stima?" "Siste, mimi niko na laisensi, twende!" Yeye hakuinuka. Alikuwa ameketi juu ya mkebe wa rangi uliopinduliwa, anakula hindi la kuchoma, ananiangalia. Nilimchagua kwa sababu hakuinuka. Nikajiambia, huyu hana njaa ya kazi, basi kazi yake lazima ni nzuri. Baadaye sana aliniambia siku hiyo mguu wake ulikuwa umekufa ganzi.

"Kwa hivyo ulinichagua kwa sababu ya mguu," akasema. "Mungu akakuhurumia. Siku nyingine usichague hivyo."

"Sasa nichague vipi?"

"Laisensi muulize. Akianza hadithi ati imebaki nyumbani, ati iko kwa bibi, mwache aende. Lakini usiishie hapo. Mwambie akupeleke kwa nyumba aliyofanya zamani. Si ya jana. Ya jana hata ikifanywa na mlevi itawaka. Na ukifika usiongee na mwenye nyumba, huyo atajisifu tu. Ongea na mwenye kupika. Yeye ndiye anajua ni soketi gani inanuka."

Ushauri huo nimewapa wateja wengi wakiwa chini ya draya, na wengi wamerudi kunishukuru. Ni wake, si wangu.

Jambo la kwanza alilofanya saluni kwangu siku ile halikuwa kufungua kitu. Alisimama mlangoni, mkoba begani, akasema, "Kabla sijagusa, kila mtu aseme yeye amegusa nini." Tukatazamana. Mimi nikasema nilibadilisha bulbu. Akangoja. Msichana wangu wa kusuka akaangalia sakafu, akasema kwamba plagi ya draya ilikuwa inakufa kila wakati, kwa hivyo alitoa fyuzi yake, akaifunga kwa ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akairudisha. Nilitaka kumrukia. Fundi akaniinulia mkono.

"Huyu ameokoa maisha yangu. Usimguse," akasema. "Mgonjwa akidanganya daktari, anakufa mgonjwa. Mwenye nyumba akidanganya fundi, anakufa fundi."

Kila nyumba aliifanyia hivyo. Nimesikia kwamba kuna mzee fulani, shemasi wa kanisa, aliyekataa kabisa mbele ya watoto wake kwamba amegusa kitu, halafu akamfuata fundi nje hadi kwenye lango kumnong'oneza. Fundi alirudi ndani akafungua soketi aliyonong'onezewa bila kusema aliambiwa na nani. Sikuwapo. Naandika vile nilivyosikia.

Jambo la pili lilikuwa kiti. Akishazima swichi kubwa, alichukua kiti akakiweka chini ya hiyo swichi, akamkalisha mwenye nyumba. Si mfanyakazi, si mtoto. Mwenyewe. "Kaa hapa. Mtu asiguse. Hata askofu akifika, mwambie angoje." Na mwenye nyumba alikaa, hata kama ni mtu mkubwa mwenye gari nje, mikono juu ya magoti kama anayesubiri kupigwa picha.

Hiyo desturi aliipata Endebess, kwa mfugaji mmoja wa ng'ombe wa maziwa aliyekuwa na mashine ya kukata majani. Mfugaji aliombwa alinde swichi, akasimama hapo kwa muda mfupi tu, kisha akasikia ndama, akaenda kuangalia. Mama wa nyumba akapita na simu iliyokufa chaji, akaona swichi iko chini, akaiinua. Fundi alianguka kutoka kwenye ngazi akaangukia rundo la majani ya ng'ombe. Yeye husema alirushwa na stima kama mpira. Nimewahi kukutana na yule mfugaji, na yeye anasema fundi aliruka mwenyewe aliposikia mashine ikinguruma. Wote wawili wanaapa. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo fundi humkalisha mtu kwenye kiti, na pia hutoa fyuzi kubwa na kuitia mfukoni.

Nilimuuliza, "Sasa kama fyuzi iko mfukoni kwako, mimi nakaa hapa kulinda nini?"

"Hulindi kitu. Nimekukalisha usinifuate nyuma ukiniuliza itaisha saa ngapi."

Sasa nije kwa ulimi. Mafundi wote husema mabaya ya fundi aliyetangulia, hilo ni kama salamu yao. Huyu wangu alizidi. Alikuwa akifungua soketi anainama, anatikisa kichwa kama mtu aliyeitwa kutambua maiti. "Nani alifanya hii kazi?" Ukimtajia, anasema, "Huyo arudi kufunga mbuzi. Hii ni fundo ya mbuzi." Au, "Huyu alikuwa anafanya akiangalia mpira." Wateja wangu walicheka, lakini niliwahi kumwona mwanamke mmoja akitokwa na machozi, kwa sababu fundi aliyetangulia alikuwa marehemu mume wake. Fundi hakujua. Alipoambiwa alifunga mdomo, akamaliza kazi, akakataa hata chai. Lakini wiki iliyofuata alikuwa amerudia yale yale kwingine. Siwezi kuficha hilo.

Siku moja alifungua soketi iliyo karibu na kioo changu, akatikisa kichwa vile vile. "Nani alifanya hii kazi?"

"Ni wewe," nikamwambia.

Akaitazama tena ile soketi, akageuza kichwa upande huu na ule.

"Basi nilikuwa na haraka," akasema. "Lakini hata hivyo, angalia hii fundo. Imekaa kama ya mtu mzuri."

Alikosea pia kazi yenyewe, si mara nyingi, lakini alikosea. Kuna wakati taa zangu zilikuwa zikipepesa na draya moja ikaungua. Alisema kwa uhakika wote ni jirani yangu wa kuchomelea vyuma, ati mashine yake inakula stima yote ya ukuta huu. Nikaenda nikagombana na yule jirani mbele ya watu, tukaacha hata kusalimiana. Kumbe ilikuwa skrubu iliyolegea kwenye ubao wa mita yangu mwenyewe, waya umekuwa mweusi kwa joto. Fundi aliigundua mwenyewe aliporudi. Angeweza kuikaza akanyamaza, mimi ningejua vipi? Lakini alishuka, akavuka hadi kwa mchomeleaji, akamwambia mbele ya wateja wake, "Nilikusingizia. Kosa lilikuwa huko saluni na mimi nilipita juu yake bila kuliona." Mchomeleaji akamwambia, "Sasa mwambie huyu mama arudishe salamu zangu zote." Nilizirudisha.

Uongo wake ulikuwa wa namna moja tu, wa kufika. "Niko hapa kwa stage ya matatu, nakuja." Na nyuma yake kwenye simu unasikia kuku, na mke wake akiuliza kama anataka uji mwingine. Alipenda kufungua kazi tatu kwa pamoja, hii anatoboa, ile anangoja anunuliwe waya, nyingine ameacha dari wazi. Yangu iliachwa wazi hadi paka wa jirani akaanza kutuchungulia kutoka juu tukisuka watu. Nilimpigia simu nikamwambia paka wake amefika kazini kabla yake. Alikuja siku hiyo hiyo, amejawa na maneno. "Nyinyi watu wa Bungoma, mnaogopa paka na kuku hamuogopi?"

"Na wewe, hao kuku wa Bungoma umekula wangapi hapa?"

"Hao nilikuwa nawasaidia."

Watu wake walitoka upande wa kati ya nchi wakahamia hapa Trans-Nzoia kabla yeye hajaota ndevu, na Kiswahili chake na cha mama yangu vilikuwa na ugonjwa ule ule wa kubadilishana r na l, ila kila mmoja aliamini anayekosea ni mwenzake.

Nyumba yake nimeingia mara moja. Swichi ya sebuleni haikuwa na kifuniko. Mke wake alinionyesha kwa kidole bila kusema kitu, na yeye akajifanya anatafuta kijiko. Jumapili hakufanya kazi, alisema siku ya Bwana hata nyaya zinapumzika, isipokuwa kama spika za kanisa zimekwama. Hiyo aliiita huduma. Na spika zilikwama mara nyingi.

Lakini akishafunga mkoba, kitu alichotengeneza kilitengenezeka. Neno lake ninalolipenda lilikuwa la breka, ile swichi ndogo inayojikata yenyewe stima ikizidi. Mwenye nyumba mmoja hapa mjini alikuwa na breka iliyokuwa ikiruka kila wapangaji wakipika jioni, akamwambia fundi amwekee kubwa zaidi isiyosumbua. Fundi akamwambia, "Mzee, hiyo ni mbwa inabweka. Iko na mwizi kwa boma. Wewe unaniambia nikuletee mbwa kiziwi." Akakataa ile kazi. Mwenye nyumba akapata mwingine wa kuifanya. Yule mwingine simjui na sitamsema. Najua tu kwamba ukuta wa jikoni uliungua, na kwa bahati njema watu walikuwa sokoni.

Nilipofika hapo kwenye daftari nikaacha kuandika. Niliona nimeandika mabaya mengi, lakini hakuna baya hata moja lililokuwa limeachwa limejificha ndani ya ukuta wa mtu. Nikamfuata pale penye mkebe wake wa rangi.

Alisikiliza hadi mwisho, hata ule mwiko hakuucheka. "Mpigie mama simu sasa hivi, mimi nikisikia," akasema. "Azime shawa, azime na swichi yake ya ukutani. Aoge maji ya jiko mpaka nifike." Nikapiga. Mama akasema sawa, kwa ile sauti yake ya sawa ambayo si sawa.

Kisha fundi akauliza, "Aliyefanya hiyo kazi yuko hai?"

"Ni kaka yangu."

"Atakuwepo?"

Nikaona nimepata mlango. "Naweza kupanga asiwepo."

"Asipokuwepo, siji."

Sikulala vizuri.

Tulifika kwa mama asubuhi. Kaka yangu alikuwa amekuja mapema na amevaa koti, jambo ambalo halikunifurahisha, kwa sababu koti hulivaa akienda mahali pa kubishana. Mama akatoka, akampa fundi mkono. "Mulembe, mwanangu. Karibu. Ati wewe ndio daktari wa maji?"

"Ndio mimi, mama. Mgonjwa yuko wapi?"

Lakini hakuingia ndani. Alisimama uani, akitazama nguo zilizoanikwa. Nguo za mama zilikuwa kwenye kamba ya rangi ya kijani yenye mstari wa njano, iliyovutwa kutoka kona ya nyumba hadi kwenye mparachichi. Mimi nimeanika nguo hapo miaka mingi. Akaishika kwa vidole viwili.

"Mama, hii kamba ni nzuri. Nani alikufungia?"

"Ni huyu kijana wangu," mama akasema, akimwonyesha kaka kwa kujivunia. "Haijakatika tangu aiweke."

"Na ilitoka wapi?"

Kaka akajibu mwenyewe. "Ilikuwa ndani ya waya ya stima. Ile ya katikati. Niliona bulbu inawaka bila hiyo, nikajua ni ya ziada. Nikaona isipotee bure."

Nilifumba macho. Hata mimi nilikuwa nimekaa karibu na fundi huyo vya kutosha nikajua huo waya ni upi. Ndio unaoshuka ardhini. Stima ikitoroka mahali pake, huo ndio unaoipeleka chini kabla haijampitia mtu. Kwa mama yangu ulikuwa umebeba mashuka, na stima iliyotoroka ilikuwa haina njia nyingine ila mikono yetu.

Nilingoja ulimi wake, lile neno la mbuzi. Nilingoja lile la mpira.

Fundi akamgeukia kaka. "Wewe umegusa nini kingine?"

Kaka akaangalia viatu vyake. Kisha akaanza kusema, na akasema yote: shawa aliivutia stima kutoka kwenye waya wa taa, breka ilikuwa ikiruka akaweka kubwa, na mwaka jana aliionja ile stima mwenyewe, ikampiga, akaogopa kumwambia mama kwa sababu yeye ndiye aliyeileta. Sauti yake ilipungua alipofika hapo. Mama alikuwa amesimama karibu, mkono kwenye shavu.

"Sawa," fundi akasema. "Vua koti. Magoti yangu hayapandi ngazi siku hizi. Utapanda wewe, mimi nitakuwa chini nakwambia."

Sasa hapa niseme ninachojua na nisichojua. Mwezi ule ule nilikuwa nimemwona juu ya paa la kanisa akifunga spika, anashuka kama kijana. Huenda magoti yaliharibika baadaye. Magoti huharibika. Sikumuuliza.

Kaka akavua koti. Swichi kubwa ikazimwa, fyuzi ikaingia mfukoni, na mimi nikakalishwa. Kutoka kwenye kiti changu nilikuwa nasikia tu. "Hapo. Hapana, ile nene. Shawa inakula sana, ipe barabara yake peke yake kutoka kwa boksi, isishirikiane na taa." "Hivi?" "Kaza. Kaza tena. Sasa ivute, ikitoka ujue ulikuwa unanidanganya." Walitoa ile breka kubwa. Shawa yenyewe waliitupa, ndani ilikuwa imepasuka, wakafunga mpya. Wakaweka pia swichi nyingine ambayo fundi alisema hujikata ikihisi stima imetoroka hata kidogo. "Hii haingoji mtu apige nduru."

Mabishano yalikuja mahali ambapo sikutarajia. Fundi alitoa nondo ndefu ya shaba, akatafuta mahali penye unyevu nyuma ya bafu, karibu na migomba, aipigilie ardhini.

Mama akaja mbio. "Hapana! Kwa boma yangu hakuzikwi kitu."

"Mama, hii ndio itashika stima mbaya."

"Na jirani akiona? Atasema tumezika nini?"

Na kweli, jirani alikuwa tayari amesimama kwenye ua, shingo ndefu. Kaka alitaka kuanza kueleza. Fundi alimpa mama nyundo.

"Basi uanze wewe, mama. Wewe ndio mwenye boma. Wakiuliza nani alizika, ni mwenyewe."

Mama aliangalia nyundo, akaangalia ua. Kisha akainua akapiga, ting, akapiga tena. Jirani akaita, "Mama, mnazika nini huko?"

"Tunazika stima iliyotaka kuniua!" mama akajibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Kuja uone!"

Jirani akaja. Akaona. Akauliza kama fundi anaweza kupita kwake pia.

Walipomaliza fundi akarudisha fyuzi, akawasha, akapima kila mahali kwa mita yake: mfereji, shawa, ukuta, sakafu ikiwa imelowa. Akabonyeza kitufe cha ile swichi mpya, ikajikata tap. Akapima tena tangu mwanzo. Kisha akamwita kaka apime yeye mwenyewe, asome namba kwa sauti. Kaka akasoma. Kila mahali hapakuwa na kitu.

"Imeisha," fundi akasema. "Mama, unaweza kuoga."

Mama hakusogea kwenye kiti chake cha sebuleni. "Hicho kimashine kinaongea na nyinyi," akasema. "Hakiongei na mimi."

"Nitaoga mimi, mama," kaka akasema.

"Wewe uliniambia ni mchwa."

Fundi akatutazama sisi wote, mmoja mmoja, kisha akaanza kufungua vifungo vya shati.

"Nipatieni taulo," akasema. "Na sabuni."

Mtu mzima, mgeni, fundi, aoge katika bafu la mama yetu, naye mama ameketi sebuleni! Kaka alinitazama, mimi nikatazama dari. Lakini mama akainuka taratibu, akaenda chumbani kwake, akarudi na lile taulo jipya analowawekea wachungaji.

Tukaketi. Tulisikia mlango ukifungwa, tukasikia mfereji ukifunguliwa, tukasikia shawa. Maji yakaendelea. Kisha ikaanza sauti yake ikiimba pambio, vibaya sana, akikosa juu na chini, na akaoga kama mtu ambaye hajaona maji tangu mvua ya mwisho. Mama alikuwa ameshika ukingo wa kiti. Polepole nikaona vidole vyake vinalegea.

Alitoka mvuke ukimfuata, kichwa kinameremeta, shati limefungwa vifungo upande. "Mama, maji yako ni matamu," akasema. "Lakini sabuni nimeimaliza."

Mama akainuka. Alichukua kitenge chake mlangoni, akampita, akaingia, akafunga mlango. Kaka akainuka akasimama karibu na ukuta wa bafu, kiganja juu ya ukuta. Fundi aliketi akakausha masikio. Tukasikia mfereji. Tukasikia maji. Halafu kimya, kirefu hata nikainuka kwenye kiti, na ndani ya kile kimya mama akapaza sauti:

"Na nani amemwaga maji huku kote? Mnaoga kama bata!"